Kidude cha Taa Nyekundu

Fundi Ogweno alilala chali chini ya usukani,
miguu nje, viatu vimeelekea soko la Wakulima,
akakata waya wa buluu, akakata mweusi,
akatoa kidude kisichozidi kiberiti.
"Ndicho hiki, mama."
Akakiweka kiganjani mwangu kingali na joto.

Miaka minne kiliishi nasi
na hakikuwahi kuchangia unga.

Kilijua tulikopita. Kilijua Mau Narok alfajiri,
viazi vikipandishwa kwa mabega ya watu,
mteremko wa Kericho, joto la Ahero,
Kibuye saa moja asubuhi na kelele za wachuuzi.
Kilijua Kimeli akisimama chai Londiani
na kwamba chai ile ilimchukua nusu saa.
Hakikujua mvua.
Hakikujua kwamba njia ya shambani imekuwa uji,
na kwamba mwezi huo viazi vilioza kabla ya kupimwa.

Ndiyo maana mwezi wa kumi na tisa,
tumechelewa siku tano,
mtu fulani ofisini alibonyeza kitufe
na lori likazima
usiku, mlimani, magunia sitini mgongoni.
Kimeli na Wesonga, utingo wake, walilala humo
wamejifunika turubai la viazi.
Mimi nilikuwa Kaptembwa, napiga simu,
natafuta mtu wa kununua cherehani saa nne usiku.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Hawakusema kwamba matanga haya yana stakabadhi,
kwamba unaomboleza kila tarehe tano,
elfu sitini na moja na mia nne,
na ukikosa,
marehemu anaongezeka uzito.

Yote nimeyaandika katika daftari la mraba.
Tulikopa milioni moja na laki nane.
Tumelipa milioni mbili, laki tisa,
elfu arobaini na saba na mia mbili.
Nimejumlisha kwa kalamu, kwa simu,
mwisho kwa punje za maharagwe mezani.
Jibu halikunionea huruma.
Hiyo ziada ni lori jingine karibu zima,
kasoro tairi na honi,
ambalo sisi hatukuwahi kulipanda.
Lilitupanda.

Jana logibuku imerudi. Jina moja tu.
Kimeli aliisoma amesimama,
kama mzazi asomaye matokeo ya mtoto aliyedhaniwa mjinga.
Hajamaliza, simu ikalia.
Sauti tamu ya msichana: sisi ni wateja wema,
tumeteuliwa, kuna lori la magurudumu kumi,
jipya, jeupe, bila amana, ni saini tu.
Nikayaona macho yake yakienda,
yakipita Eldoret, yakifika Malaba.

Sikusema neno. Nilimpa daftari.
Akasoma mwezi wa kwanza, wa pili, akalamba kidole,
akafunua.
Alipofika ukurasa wa Londiani, wenye doa la mafuta ya taa,
akaisogeza simu mdomoni:
"Dada, nakuomba uipoteze namba hii."
Akatoka nje, akaipiga teke tairi ya nyuma kushoto.
"Hii imekwisha."
Tukahesabu. Ya mtumba, elfu kumi na nne.
Muuzaji alikuwa tayari kufungua kitabu cha madeni,
akauliza tutalipa lini.
Kimeli akasema "sasa"
kwa kigugumizi, kama neno la lugha ya ugenini.

Kidude nimekiweka kwenye dirisha la jikoni.
Kina betri yake ndogo, kumbe.
Taa nyekundu ilipepesa mpaka Alhamisi,
ikiwaarifu wenyewe, huko waliko,
kwamba lori la Kimeli limeegeshwa
kati ya sufuria ya ugali na kopo la chumvi
na halisogei.

Wabonyeze wapendavyo.
Jiko liliendelea kuwaka.